Sanduku la Namba ni Salama

Alikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kufungua ukurasa. Simaanishi kugusa ulimi kidogo kama makarani wa benki. Alikitoa kidole mdomoni kimelowa hadi kwenye fundo, akakibandika kwenye kona ya karatasi, akaifungua, kisha akanisukumia karatasi hiyohiyo niichape. Naanza na hilo makusudi. Watu wa Moshi wakimtaja huanza na akili yake. Akili anayo, sikatai. Mimi naanza na mate, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayashika.

Tulimwita Mwalimu. Alizaliwa wapi na ukoo gani, waulize wanaosali naye. Ninachojua ni kwamba alikuwa anafundisha hesabu sekondari kule Rombo, na wakati ule nchi ilipofungua milango na kila mtu akaanza kuuza alichonacho, naye mshahara wake ukiwa haumtoshi hata nauli, aliacha chaki, akaenda kusomea kompyuta nje, akarudi na mashine mbili zimeviringishwa kwenye blanketi. Akapanga chumba ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Singasinga mmoja. Ukipanda ngazi unanusa rangi na misumari, ukifika juu unanusa kahawa.

Alichouza hakikuwa programu kamili. Aliuza kiunzi, yaani vipande vilivyoandikwa tayari, ambavyo mafundi wengine wa kompyuta walivichukua wakajengea programu zao, kama seremala anayenunua fremu ya mlango badala ya kuiranda mwenyewe. Kipande cha kuchapa risiti. Kipande cha kutafuta jina. Kipande cha kutoa namba, ambacho yeye alikiita sanduku la namba: ukiliomba namba linakupa inayofuata, haliruki wala halirudii. Fundi wa Arusha au Mwanza ananunua kiunzi, anapewa na mwongozo, kitabu kinene kinachomweleza kila kipande kinafanya nini na asifanye nini nacho. Huyo fundi hamwoni Mwalimu. Anauona mwongozo tu. Mwongozo ukimwambia ndiyo, kwake ni ndiyo.

Kazi yangu ilikuwa huo mwongozo. Nilikuwa na kidato cha nne na cheti cha kompyuta, basi. Nilitakiwa kuuchapa, kujaribu mifano yote kama kweli inafanya kazi, na kuuweka katika Kiswahili kinachosomeka, maana Mwalimu alisema mafundi wetu Kiingereza wanakisoma kwa kubahatisha. Na ndani ya mwongozo, katika sura ya nyuzi, kulikuwa na sentensi moja: "Sanduku la namba ni salama kwa nyuzi zote." Nilitaka sentensi ile ibadilishwe. Hicho tu ndicho nilichotaka kwa yule mzee. Nilikitaka kabla mwanangu hajaugua, nikakitaka baada.

Nyuzi ni nini, sitajaribu kukueleza kwa maneno yangu wakati kuna ya kwake. Hapo nitampa haki yake. Mafundi walipokuja kujifunza aliwakalisha kwenye mabenchi, akasimama mbele ya ubao wake mweusi aliotoka nao Rombo, akauliza, "Nani kwao kuna mfongo?"

Karibu wote wakanyoosha mikono. Mfongo ni mfereji unaoteremsha maji kutoka mlimani na kuyapitisha kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya watu, na kila mtu ana zamu yake. Akauchora, na vijito vyake, na migomba.

"Programu ya kawaida ni mtu mmoja shambani," akasema. "Anamaliza jambo hili ndipo anashika lile. Programu ya nyuzi nyingi ni ukoo mzima umeingia shambani kwa mara moja. Kila uzi ni mtu na kazi yake. Kazi inakwenda haraka, sawa. Lakini mfongo ni mmoja. Sasa wawili wafungue maji kwa pamoja, kila mmoja akiamini ni zamu yake. Nani atapata maji?"

"Watagawana, Mwalimu," akajibu fundi mmoja.

"Hawagawani. Maji yatapita katikati yao, yakabomoe choo cha mtu wa tatu ambaye hata hakuwepo."

Wakacheka. Kulikuwa na fundi wa Kahe, mwembamba, mpole, akasema, "Mwalimu, sisi wa chini maji yakitufikia yameshachoka. Ninyi wa juu mmeyapigania njia nzima."

"Ndiyo maana lazima awepo wa kugawa zamu," Mwalimu akamjibu. "Kwenye programu huyo ni kufuli. Anayeingia anafunga, akimaliza anafungua, mwingine anaingia. Penye kitu cha kushirikiana pasipo na wa kugawa zamu, msiniambie mna programu. Mna ugomvi ambao haujaanza."

Niliandika maneno hayo siku ileile na nikayaweka mwanzo wa sura. Mpaka leo sijaona aliyeeleza vizuri zaidi. Na mtu huyohuyo, aliyechora mfongo ukakaribia kusikia maji, ndiye aliyeandika sanduku la namba bila kufuli ndani yake. Halafu akaandika ni salama.

Niligundua kwa kufanya kazi yangu. Mfano wa kwenye kitabu ulikuwa na uzi mmoja. Mimi nikaandika mwingine wenye nyuzi mbili, zote zinaomba namba kwa haraka, kama makarani wawili kwenye madirisha mawili. Nikauendesha, nikamnyonyesha mwanangu niliyekuwa naye ofisini, nikarudi kutazama. Namba moja ilikuwa imetoka mara mbili. Ukitulia ni jambo rahisi kuelewa. Uzi huu unasoma kwamba namba ya mwisho ni arobaini na moja. Kabla haujaandika arobaini na mbili, ule mwingine nao unasoma arobaini na moja. Zote mbili zinaandika arobaini na mbili, zote zinaondoka zikijiona zimehudumiwa.

Nikamwita. Akaja na kikombe chake cha kahawa. Nikauendesha mbele yake, hakikutokea kitu. Nikauendesha tena, namba zikajipanga kama watoto wa shule mstarini.

"Mama Anjela, jana ulilala vizuri?"

"Imetokea, Mwalimu. Naapa."

"Kompyuta haisikilizi viapo."

Akaondoka. Hajafika nusu ya ngazi, namba ikarudia. Ndivyo ubovu wa aina hii ulivyo. Unakaa kimya ukiwa unatazamwa, unatokea penye msongamano, na msongamano hauwi ofisini kwa mwenye kiunzi. Unakuwa kwa watu.

Nikaichapa ile orodha kwenye karatasi nikamngojea. Alipoiona hakushangaa. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Akaitazama, akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Ni nadra sana. Hata duka la hapo chini lina madirisha mawili, ankara zimegongana labda mara moja au mbili. Nikamwambia mwenye duka awaambie makarani wake wawe makini."

"Makarani wamekosa nini?"

Akanywa kahawa yake.

"Basi tuweke kufuli," nikasema.

"Litakuwa zito. Wateja wanapenda kasi."

"Basi tuandike kwenye mwongozo. Fundi aweke kufuli lake mwenyewe." Nilikuwa nimekwisha kuiandika hiyo sentensi, nikampa. Akalamba kidole, akavuta karatasi, akatoa kalamu ya wino mwekundu, akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka kama umepigwa kwa rula.

"Mwongozo si mahali pa kuanika vidonda," akasema. "Fundi akisoma 'si salama' ukurasa wa kwanza wa sura, wa pili hataufungua. Nitalirekebisha sanduku lenyewe. Toleo lijalo."

Toleo lijalo. Kama kuna maneno mawili yanayonitia kichefuchefu katika lugha hii ni hayo.

Usije ukadhani alikuwa mvivu au mzembe. Mzembe ningemwelewa. Huyu aliwahi kurudisha mzigo mzima wa vitabu kwa mpiga chapa kwa sababu mkato mmoja ulikuwa umekaa pasipo pake. Alinifanyisha upya yaliyomo kwa sababu vinukta havikulingana na namba za kurasa. Alinisahihisha Kiswahili mbele ya wageni. Ukisema "yule kompyuta" anakusimamisha, anakungojea useme "ile", ndipo mnaendelea. "Mwongozo ni adabu," alipenda kusema. "Ukimpa mtu kitabu kichafu umemtukana." Aliona nukta iliyopotoka kutoka upande wa pili wa chumba. Na uongo ulikuwa umelala katikati ya kitabu chake, umenyooshwa vizuri, mikato yote mahali pake.

Kahawa yake nayo. Miaka ile bei ilikuwa imekufa, watu mlimani wanang'oa mibuni wanapanda nyanya. Yeye akakataa kung'oa. Alikaanga ya kwake mwenyewe kwenye sufuria, akaitwanga, akaileta ofisini, akawapa wageni bila sukari, na kila mgeni alimwambia neno moja: "Hii haina udanganyifu ndani." Na kweli haikuwa nao. Mzee yule alikuwa mkweli kwa kahawa.

Na alikuwa na wema, itabidi niseme, ingawa kalamu inakuwa nzito. Nilipokwenda kuomba kazi tumbo lilikuwa limeshatangulia mlangoni. Ofisi mbili mjini walinitazama tumbo wakasema nafasi zimejaa. Yeye aliniuliza swali moja la hesabu, nikalijibu, akasema anza kesho. Anjela alipozaliwa alimtengea pembe ya chumba cha seva, ambako kulikuwa na kiyoyozi pekee katika ghorofa ile. Akaleta katoni ya printa, akatandika blanketi lake lilelile la kuviringishia mashine. Mwanangu alikulia hapo, pembeni ya betri kubwa, akilala kwa mlio wa feni. Wageni wakiongea kwa sauti Mwalimu anaweka kidole mdomoni, "Shsh, mwenye kampuni kalala." Alimbeba akimwimbia Kichagga cha Rombo ambacho hata mimi wa Kibosho sikukielewa chote. Angekuwa mnyama tangu mwanzo ningemchukia nikamaliza. Huyu ananirudia.

Sasa zahanati. Siitaji jina, ilikuwa ya mtu binafsi, na waliokuwa pale walifanya kazi yao. Programu yao ya kupokea wagonjwa aliiunda yule fundi wa Kahe, juu ya kiunzi cha Mwalimu. Madirisha mawili ya kuandikisha, namba moja kwa kila mgonjwa, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye kioo cha damu kinachokwenda maabara.

Anjela alikuwa ameanza kutembea. Akashikwa na homa, nikampeleka Jumatatu asubuhi, foleni imejaa mpaka nje. Nilihudumiwa dirisha la kushoto. Dirisha la kulia alikuwepo mama mwingine na mtoto wake wa kiume, tukatazamana, tukapeana pole kama wafanyavyo akina mama. Makarani wetu wakabonyeza kwa pamoja. Sikuliona hilo wakati ule, nani angeliona? Kila mmoja akapewa kikaratasi chake, kila mmoja akakunja akaweka kwenye kanga. Ilikuwa namba moja, yangu na yake.

Majibu yakaja: wangu hana malaria. Wakanipa dawa ya kikohozi. Yule mtoto mwingine, ambaye hakuwa nayo, akanyweshwa dawa ya malaria iliyokuwa ya mwanangu. Mama yake anashukuru Mungu haikumdhuru.

Wangu nilimrudisha nyumbani nikamnywesha dawa ya kikohozi. Sitaeleza siku mbili zilizofuata. Alipata degedege nikiwa nimempakata, nikakimbia naye hospitali kubwa, wakampima wakaniuliza kwa ukali, mama, malaria imefikia hapa ulikuwa wapi? Nikawaonyesha kikaratasi cha zahanati. Alipona. Sikio lake la kushoto halikupona.

Nilipomwacha mtoto wodini na dada yangu nilikwenda zahanati, nikamkuta fundi wa Kahe wameshamwita. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta na watoto wawili wako kwenye mstari mmoja. Akanitambua. Akachukua mwongozo wake, umechakaa kwa kusomwa, akaufungua kwenye sura ya nyuzi. Alikuwa ameipigia mstari ile sentensi.

"Dada, angalia. Si imeandikwa hapa? Au mimi ndiye sikuelewa?"

"Umeelewa."

"Ningeweka kufuli. Ni mistari miwili tu." Akaufunga mwongozo. "Lakini yule mzee alituchorea mfongo mwenyewe. Nikasema, huyu hawezi kuwa hajaweka wa kugawa zamu."

Hapo ndipo nilipojua ubaya wa yale mafundisho mazuri. Angefundisha vibaya, fundi angekuwa na wasiwasi, angejaribu mwenyewe.

Mwalimu alikuja hospitali. Alikuja na mtori wa ndizi kwenye chupa, aliopika mkewe, wa moto, wenye nyama laini. Akaketi kwenye kile kiti cha chuma, akamtazama Anjela amefungwa mpira wa maji mkononi.

"Pole sana, Mama Anjela. Ni mipango ya Mungu."

"Mwalimu, Mungu hakuandika sura ya nyuzi."

Mama wa kitanda cha pili akageuza uso kumtazama mwanawe.

"Karani angelinganisha majina," Mwalimu akasema taratibu, "lisingetokea."

"Karani alikuwa na namba. Namba ndiyo uliyomwambia aamini."

"Una uchungu. Nakuelewa."

"Usinielewe. Badilisha sentensi."

Akasema tutaongea nikipumzika. Akaniachia mtori. Niliumwaga kwenye sinki la wodini, nikaosha chupa, nikamrudishia mkewe. Kazini sikurudi tena.

Nilisikia habari zake, Moshi si pakubwa. Kwamba alipata wateja Nairobi. Kwamba amejengewa kaburi, yaani ameshajijengea mwenyewe, kwa saruji, ili wanawe wasije wakapata taabu. Mtu wa kupanga mambo yake. Kwamba katika jumuiya ya kanisa ndiye anayeongoza masomo, anasoma vizuri hasa, anajua pa kupumua. Fundi wa Kahe aliacha kompyuta akarudi kulima mpunga. Nilikutana naye sokoni akaniuliza mtoto anaendeleaje, nikasema anaendelea, akasema sawa, akaondoka bila kununua alichokuja kununua.

Mara ya mwisho nilimwona Mwalimu wakati wa Kwaresima, Anjela akiwa darasa la kwanza. Shule zilikuwa zimefungwa, tuko kwa mama mkwe wangu juu Kibosho. Nikasikia hodi. Alikuwa na mzee mwenzake wa jumuiya, amekuja kama shahidi, na mkononi ameshika isale.

Kama hutoki kwetu: isale ni jani refu la kijani, linaota mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu, ukamletea isale, hakatai. Anaweza kukufokea, anaweza kulia, kukataa hawezi. Mama mkwe alipoliona lile jani akafuta viti haraka. Nikaona ameshasamehe kwa niaba yangu.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema, maana sikulelewa porini.

"Marahaba, Mama Anjela. Mmeshindaje?"

Alikuwa amekonda, koti linamning'inia. Akaeleza kwamba Pasaka inakaribia, kwamba padri amewaambia mwenye neno na mwenzake akalimalize kwanza, kwamba yeye kila akitaka kwenda kukomunika altareni jina langu linamjia. Nikamsikiliza. Nikajiuliza kama jina la mwanangu nalo humjia.

"Na nimekuletea kitu," akasema. Akatoa kwenye mfuko wa rambo kitabu kipya, jalada gumu, kinang'aa. Toleo jipya la mwongozo. Akalamba kidole, kidole kilekile, akanifungulia utangulizi, akanionyesha jina langu. Ananishukuru kwa uvumilivu.

Nikachukua kitabu, nikafungua mwenyewe sura ya nyuzi. Mfongo upo, umechorwa vizuri zaidi, na migomba yake. Nikateremka mpaka kwenye sentensi. "Sanduku la namba ni salama kwa nyuzi zote, likitumiwa ipasavyo."

Nikaisoma kwa sauti, ili shahidi asikie.

"Ipasavyo ni vipi, Mwalimu?"

"Fundi mzoefu atajua."

"Umeeleza wapi?"

Akatazama mikono yake. Mama mkwe akasema, "Mama Anjela, mzee amekuja na isale, mambo ya vitabu mtaongea siku nyingine."

Anjela alikuwa amechuchumaa pale barazani, anapanga mbegu za kahawa kwenye mstari. Mwalimu, nadhani ili atoke kwenye maneno yangu, akamgeukia kwa ile sauti aliyokuwa akimwimbia. "Anjela. Anjela, mjukuu wangu."

Mtoto akaendelea kupanga mbegu.

"Anjela."

Alikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Mtoto hakugeuka.

"Uko kushoto kwake, Mwalimu," nikasema. "Zunguka upande wa pili."

Hakuzunguka. Alikaa vile, mdomo wazi kidogo, na yule mzee mwenzake akavua kofia bila sababu. Nikaenda ndani, nikarudi na kalamu, nikaweka kitabu mapajani mwake juu ya lile jani.

"Andika."

Akakata maneno yake mwenyewe, mstari mmoja ulionyooka. Chini yake, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni ambao mafundi wote waliopita kwake wanaujua, akaandika: "Sanduku hili si salama nyuzi mbili zikiliomba kwa pamoja. Namba moja yaweza kutolewa kwa watu wawili. Funga kufuli kabla ya kuomba namba, fungua ukishapata. Nilijua hili na sikuliandika." Akaweka sahihi. Yale maneno ya mwisho sikumwomba. Ilikuwa sentensi bora kuliko zote kitabuni, na ilikuwa katika nakala moja, yangu, ya mtu ambaye haihitaji.

Akanyanyua isale kwa mikono miwili. Nikaipokea kwa mikono miwili. Mama mkwe akapumua.

"Basi yamekwisha," akasema Mwalimu, na nikaona mabega yake yameshaanza kushuka, mtu anayetua mzigo. Kinyaa kikanipanda mpaka kooni. Alikuwa anatazama mlangoni, kwenye Pasaka yake.

"Yangu yamekwisha," nikamwambia. "Ya wengine bado. Umeleta jani nyumba moja."

"Wengine sijui wanakaa wapi."

"Mimi najua. Vifurushi vyote vya kiunzi nilikuwa nafunga mimi, na anwani naandika mimi."

Akanitazama. Sijui kama alielewa. Hakusema waandikie wala usiwaandikie. Shahidi akamshika kiwiko, wakateremka taratibu kufuata mfongo, mama mkwe akiwasindikiza hadi mpakani, na aliporudi alikuwa hana furaha na mimi.

"Isale ikishapokelewa neno halirudishwi, mke wa mwanangu."

"Sijalirudisha, mama. Nalipeleka mbele."

Asubuhi nilishuka mjini. Karibu na stendi kuna mama ana mashine ya fotokopi, kubwa, ya zamani, inapiga mwanga mpaka ukutani. Nikafungua kitabu kwenye sura ya nyuzi, nikakilaza kwenye kioo, nikachomoa isale ndani ya kanga nikailaza juu ya ukurasa.

"Dada, toa jani. Litatoka jeusi," yule mama akasema.

"Liache."

Akaitoa ya kwanza, akaishika juu kwenye mwanga. Mwandiko wa Mwalimu ulikuwa umetoka wazi, na jani limepita juu yake kama kovu. Akalitambua, nadhani, maana alinitazama mara ya pili na sauti yake ikashuka.

"Limeziba neno hapa."

Nikafunua kifuniko, nikaisogeza isale pembeni kidogo tu, mpaka "si salama" ikabaki wazi yote.

"Sasa piga," nikamwambia. "Nyingi."